Maini kwa Vidonge

Ng'ombe akishachinjwa Bariadi, nyama yake huenda buchani, na vilivyokuwa tumboni mwake huenda kwa Generoza. Ndivyo watu walivyozoea kusema, na kwa miaka tisa maneno hayo hayakuwa mbali na kweli. Kila asubuhi, jua likiwa bado halijapanda juu ya mapaa ya maghala ya pamba, mwanamke huyo mfupi wa mabega mapana alikuwa amekwisha kufika mlangoni pa machinjio na mabeseni yake mawili, akisubiri mkaguzi wa nyama amalize kuchana maini kwa kisu chake na kugonga mhuri.

"Mwangaluka, Mama Shija," Mashimba mchinjaji alimsalimu bila kuinua kichwa. "Leo tuna madume matatu. Moja lina ini kubwa kuliko akili yako."

"Akili yangu inakutosha wewe na ukoo wako mzima," Generoza alijibu. "Nitolee hilo ini, na bandama lake. Usinikatiekatie kama unalisha paka."

"Paka angesema asante."

"Paka hajui kwamba unaiba mafuta ya figo."

Mashimba alicheka hadi buti zake zikateleza kwenye sakafu yenye damu. Mdomo wake ulijulikana mji mzima. Alitukana ng'ombe, alitukana wenye ng'ombe, na siku za mvua alitukana hata mawingu. Lakini katika miaka hiyo tisa hakuwahi kumpa Generoza ini lenye minyoo. Na hata angetaka, asingeweza. Generoza alilibonyeza kila ini kwa kidole gumba na kungoja lirudi. Figo alizipasua palepale. Bandama alilishika mwisho, akiliinamia kidogo, kwa sababu bandama ndilo linalosema ng'ombe alikuwa anaumwa nini. La ng'ombe mzima ni jembamba, lina makali pembeni kama ulimi. La ng'ombe mwenye homa ya ndigana huvimba likawa nene na zito, na mkono unalitambua hata macho yakiwa yamefumbwa.

Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara ya kwenda Lamadi. Utumbo aliusugua kwa majivu na chumvi, akauchemsha tangu asubuhi mpaka unakatika kwa ulimi. Moyo na figo viliingia baadaye. Mapafu aliyapika peke yake, kwa kuwa yana povu na huharibu supu. Maini yalikuwa ya mwisho, dakika chache tu juu ya kitunguu na nyanya, yatoke yakiwa bado laini katikati, si magumu kama soli. Na maji ya kuchemshia hakuyamwaga hata tone. "Ukimwaga maji umemwaga nusu ya ng'ombe," alikuwa akiwaambia wanawake waliokuja kujifunza.

Waliokuja zaidi walikuwa wajawazito. Kliniki ilikuwa ikiwapima, ikiwaambia damu ni ndogo, kuleni mboga za majani na maini; nao wakitoka pale, miguu yenyewe iliwaleta kwa Generoza. Baadaye alikuja mpaka afisa lishe wa wilaya, binti mmoja aitwaye Flora, mwenye daftari na viatu vilivyojaa vumbi. Aliketi kwenye benchi, akala sahani nzima, kisha akasema kwamba angependa kuwaleta watu wa semina waone.

"Mama, huku mmekalia hazina," Flora alisema. "Chuma kilicho kwenye ini mwili unakipokea haraka kuliko cha mchicha. Kwenye bandama ndiyo usiseme. Kuna vitamini ya macho, kuna ile ya kumjenga mtoto uti wa mgongo, kuna ile ya damu ambayo kwenye majani huipati kabisa. Halafu nikienda vijijini nakuta wanawatupia mbwa."

"Hatuwatupii mbwa," Generoza alisema. "Wanaume wanakula wao wenyewe kabla hayajafika nyumbani. Mbwa na wanawake wanakutana kwenye utumbo."

Flora alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha akamweleza na mengine, na Generoza aliyashika yote neno kwa neno: kwamba mjamzito asile maini kila siku, hasa miezi ya mwanzo, mara moja kwa wiki inamtosha, na kwamba chai ya rangi isinywewe pamoja na chakula, kwa sababu inakifunga kile chuma. Tangu siku hiyo, mteja mjamzito aliyeagiza maini na chai aliletewa maini peke yake, na chai akaisubiri huku akinung'unika.

Lakini imani ya Generoza haikutoka kwa Flora. Flora aliikuta na kuipa majina tu.

Ilitoka Mwanhuzi, kwa baba yake, mfugaji wa nchi kavu ambaye aliongea zaidi na ng'ombe wake kuliko alivyoongea na watoto. Nyumbani kwake, ng'ombe akichinjwa, ini lilichomwa palepale penye kuchinjia, juu ya makaa, na wanaume wakalimaliza wakiwa wamechuchumaa. Msichana aliyesogea alifukuzwa. Generoza alikua bila kuijua ladha yake. Akaolewa na Jilala, dalali wa ng'ombe, na akiwa na miaka ishirini na miwili alirudi kwa baba yake kujifungua mapacha. Alitoka damu nyingi hadi akawa anaona watu kama wako ng'ambo ya maji. Siku ya tatu baba yake, aliyekuwa hajawahi kuingia chumba cha mzazi, aliinama mlangoni, akaingia na ini la kuchoma juu ya sahani ya bati, akamshika mkono na kumwekea kipande kiganjani.

"Kula, ng'wanone, mwanangu," alimwambia. "Hii ni damu."

Alikula. Ndani ya wiki moja alisimama. Hakuna aliyewahi kumwambia jambo lingine lolote kuhusu mwili wake ambalo lilitimia waziwazi namna hiyo.

Mapacha waliitwa Kulwa na Doto, kama inavyotakiwa. Walipofikisha miezi minane vidole vya mikono na miguu vilivimba vikawa kama viazi vidogo, wakalia kwa sauti moja mchana kutwa. Macho yao yalikuwa ya njano. Generoza aliwapa mchuzi wa maini kwa kijiko. Walitibiwa malaria, wakatibiwa macho, wakafanyiwa mambo ya mapacha kama ukoo ulivyoagiza. Kulwa alikufa mvua zilipoanza, na Doto alikufa kabla mvua hazijakatika. Mama mkwe alisema mapacha huitana. Hakuna aliyewapima damu. Mtoto aliyefuata, kwa desturi, aliitwa Shija, naye ndiye aliyebaki. Baada yake hakuzaliwa mwingine.

Shija alipokuwa na miaka mitano vidole vyake vilikuwa vimekwisha kuvimba mara nyingi, na siku moja midomo yake ikawa myeupe. Alilazwa. Daktari Nathanael, kijana mrefu aliyezoea kuongea huku akichora kwenye karatasi, aliwaita wazazi wote wawili, akawachorea mduara, kisha akachora kitu kilichopinda kama mundu.

"Chembe za damu za watu ni za mviringo," alisema. "Za huyu zinajikunja hivi. Zinakwama kwenye mishipa, ndiyo maumivu. Na zinavunjika upesi, ndiyo maana damu inapungua. Inaitwa selimundu. Amezaliwa nayo. Nusu ametoa kwa mama, nusu kwa baba."

Jilala aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Njiani kurudi nyumbani, akiwa nyuma ya mke wake, alisema kama anayeongea na barabara, "Dume nikilinunua la mbegu, nauliza mama yake na baba yake, na bibi yake. Sisi hatukuulizana."

Generoza aliongeza mwendo. Alikuwa amebeba Shija mgongoni, na katika maneno yote ya daktari ni moja tu lililomshukia. Mengine yalipita kama malori ya pamba yapitavyo bila kusimama. *Damu inapungua.* Hilo alilijua. Hilo alipigana nalo kila siku pale kibandani, kwa matumbo ya wanawake wengine, na alilishinda. Angeshindwaje kwa mtoto wake?

Akaanza kumpa Shija maini kila siku, baada ya chakula cha jioni, kibakuli kidogo cha udongo ambacho hakupewa mtu mwingine yeyote.

Vidonge vilikuja baadaye, na vilikuja kwa wema. Mteja mmoja, Evalina, mke wa fundi pikipiki, mwenye mimba ya tatu, alikaa kwenye benchi akatoa kwenye pochi pakiti ya vidonge vyekundu alivyopewa kliniki.

"Mayu, hivi vinanishinda," alisema. "Vinanuka kutu. Nikimeza kimoja natapika hadi majirani wanajua nimekula nini. Na choo kinakuwa cheusi kama lami."

"Ni vya nini?"

"Si vya kuongeza damu hivi?"

Generoza aliigeuza ile pakiti mkononi. "Vya kuongeza damu," alirudia. "Basi niachie mimi. Wewe kaa, kula maini. Yanafanya kazi hiyohiyo na hayamtapishi mtu."

Evalina alikula bure siku ile, akaondoka amefurahi. Wiki iliyofuata alikuja na shoga yake, naye ana pakiti. Baadaye haikuhitaji maelezo. Mjamzito aliyechoka na vidonge alijua pa kuvipeleka, na alijua atapata sahani. Generoza alivihifadhi kwenye kopo la majarini, juu ya kabati, na kila jioni Shija alimeza viwili pamoja na kibakuli chake. Hakuona dhambi yoyote. Mwenye kuchukia vidonge alipata chakula. Mwenye kuhitaji damu alipata vidonge. Kama kuna jambo lililompa usingizi mzuri miaka ile, lilikuwa ni hilo.

Shija alikula akiwa ameziba pua. Alikuwa mtoto mwembamba, mrefu wa miguu, mwenye ulimi wa Jilala.

"Mama, kwa nini mimi siwezi kula kama watu?"

"Unakula kuliko watu."

"Nakula kama mtu aliyeambiwa na mganga amalize ng'ombe."

"Meza."

"Siku moja nitalia mooo darasani."

"Lia. Lakini uwe umemeza."

Miaka minne ilipita hivyo. Mara kadhaa damu ya Shija ilishuka, akapelekwa hospitali akaongezewa, akarudi. Alipokuwa na nguvu, Generoza alisema ni maini. Aliposhuka, Generoza alikumbuka siku mbili ambazo hakupika kwa sababu ya msiba, au jioni moja mtoto alipomwaga kibakuli kwa siri nyuma ya nyumba, akajilaumu, akaongeza. Hakukuwa na njia ya kumthibitishia kwamba amekosea. Kila kilichotokea kilikaa upande wake.

Mwaka huu, msimu wa pamba ulipoanza, ngozi ya Shija ikawa na rangi ya vumbi. Hakuumwa sana, alichoka tu, kuchoka kwa mtu mzima. Daktari Nathanael, ambaye sasa alikuwa na mvi chache, alichukua damu yake na kuipeleka kupimwa Mwanza. Majibu yaliporudi alimwita Generoza peke yake.

"Mama, ukiacha dawa ninazoandika mimi, Shija anatumia nini nyumbani?"

Generoza alikuwa amesubiri miaka minne aulizwe swali hilo. Alifungua mkoba, akatoa kopo la majarini, akaliweka mezani kama mtu anayeonyesha cheti.

"Hivi, jioni, viwili. Na maini, kila siku. Hajakosa."

Daktari alifungua kopo. Alichukua kidonge kimoja, akakitazama, akakirudisha. "Vimetoka wapi?"

"Kwa wajawazito. Wao vinawatapisha. Nawapa maini, wananipa hivi. Kila mtu anapata damu."

Nje ya dirisha mtu alikuwa anafagia, na daktari alingoja mpaka ufagio ulipofika mbali. Kisha akavuta karatasi, lakini safari hii hakuchora kitu.

"Mama, huyu mtoto hajawahi kukosa chuma. Sikiliza. Mjamzito anakosa chuma, kwa hiyo ukimpa maini anatengeneza damu. Shija chuma anacho. Damu yake inavunjika, na ikivunjika chuma kinabaki humohumo ndani. Damu tunayomwongezea sisi nayo inakuja na chuma chake. Na mwili wa binadamu hauna mlango wa kukitolea. Kikizidi kinatafuta pa kukaa. Kinakaa kwenye moyo. Kinakaa kwenye ini."

"Ini la nani?" Generoza aliuliza.

"La Shija, mama."

Aliyaona, bila kutaka, yale maini ambayo Mashimba huyatupa shimoni: yenye rangi ya kutu, magumu, ambayo ukiyabonyeza kwa kidole gumba hayarudi.

"Basi nimemuua," alisema.

"Hapana. Sehemu kubwa imetokana na damu tuliyomwongezea hapa, na bila damu hiyo asingekuwepo. Vidonge vimeongezea. Maini kidogo mara mojamoja si sumu. Lakini vidonge acha leo, na maini ya kila siku acha."

"Halafu nimpe nini?"

"Dawa zake. Maji mengi. Alale kwenye chandarua, asipigwe na baridi."

"Nauliza chakula, daktari. Cha kumwongezea damu."

Daktari Nathanael alisugua uso kwa viganja vyote viwili. "Hakuna, mama. Ale vizuri kama mtoto yeyote. Lakini chakula cha kuzinyoosha zile chembe hakuna. Ipo dawa ya kutoa chuma, hapa hatuna. Nimeandika barua Mwanza, tusubiri." Alilivuta kopo taratibu upande wake wa meza. "Na hao wajawazito uwaambie warudi kwenye vidonge vyao. Sahani moja kwa wiki haitoshi peke yake."

Kuwaambia ndiko kulikokuwa kugumu. Evalina alikuwa amekwisha kujifungua mwingine, wa nne, mtoto salama, mwenyewe bado ana kizunguzungu akiinuka, na alipoelezwa alimtazama Generoza kana kwamba amemkuta anachanganya maziwa na maji.

"Kwa hiyo maini yako ni ya uongo?"

"Si ya uongo."

"Sasa ni nini?"

"Ni chakula," Generoza alisema. Neno hilo lilimtoka dogo mno, akaona aibu kwa jinsi lilivyokuwa dogo.

Jioni ya siku ile Shija alikaa kwenye mkeka akiwa ameziba pua tayari. Mama yake alimwekea ugali na dagaa, basi.

"Kibakuli kiko wapi?"

"Hakuna tena. Daktari amekataza."

Shija aliachia pua yake, akamtazama Jilala kuona kama ni utani. "Milele?"

"Milele," Jilala alisema.

Mtoto alipiga makofi. Akala ugali wote, akaomba na mwingine. Generoza aliketi karibu, mikono imelala mapajani, na hakujua aiweke wapi. Saa ile, kwa miaka minne, ilikuwa saa ya kufanya kitu. Sasa ilikuwa saa kama saa nyingine, na mtoto alikuwa mbele yake, anavunjika kidogokidogo ndani, na yeye anatazama.

Mama mkwe alituma ujumbe kutoka Maswa kwamba kuna mtu wa kuwaona, mwenye uwezo. Jilala alimuuliza mke wake anaonaje. Zamani Generoza angekuwa na la kusema, la kukubali au la kukataa. Safari hii alisema, "Sijui, Baba Shija," na Jilala, ambaye katika ndoa yao hakuwahi kumsikia akisema hivyo, alizima simu akatoka nje.

Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, Shija alianguka akiwa kwenye mstari shuleni. Mwalimu alimleta hospitali kwa bodaboda. Generoza alipofika alimkuta kitandani, ndani ya kope kweupe kama karatasi, anapumua kama aliyekimbia. Wauguzi walikuwa wanatafuta mshipa. Yeye aliingiza mkono chini ya gauni la shule, upande wa kushoto, chini ya mbavu. Alilikuta. Lilikuwa nene, zito, limeshuka hadi karibu na kitovu. Mkono wake ulilitambua kabla akili haijakubali, kwa sababu asubuhi ileile ulikuwa umeshika mengine matatu, yote membamba, na kuyapitisha.

Alitoa mkono.

"Bandama limevimba, limemeza damu," daktari alisema baada ya kupapasa mahali palepale. "Anahitaji damu sasa hivi. Kundi lake kwenye jokofu hakuna. Baba yuko wapi?"

Jilala alikuwa mnadani Meatu, na hata angekuwepo, kundi lake halikulingana. La Generoza lililingana. Alikuwa amekwisha kukunja mkono wa blauzi kabla hajaambiwa. Hatimaye, aliwaza, hatimaye kuna kitu changu kinachotakiwa. Kijana wa maabara alimchoma kidole, akaingiza tone kwenye mashine, akangoja, akaitazama namba, akamchoma kidole kingine.

"Mama, hatuwezi kukutoa."

"Kwa nini?"

"Damu yako ni tisa. Inatakiwa kumi na mbili na zaidi. Wewe mwenyewe unahitaji kuongeza damu." Kijana huyo hakumfahamu, alikuwa mgeni mjini. "Kwani huwa unakula nini?"

Generoza alifuta tone la damu kidoleni. Alikula ugali kwa mchuzi uliobaki chini ya sufuria, wateja wakishaondoka, na alishushia na chai ya rangi, nzito, vikombe viwili, palepale. Maini yalikuwa ya wateja na ya Shija. Hakukumbuka mwaka ambao alijiwekea sahani.

"Nitoe hivyohivyo," alisema.

"Hairuhusiwi, mama."

"Nitoe kidogo."

"Mama."

Aliyepatikana alikuwa Mashimba. Alikuja na buti zake za machinjioni, mlinzi wa getini akamzuia, akamtukana mlinzi, akaingia. Alipima, ikalingana. Alilala kwenye kitanda cha kutolea damu akifumba macho kwa nguvu, uso umeloa jasho.

"Miaka ishirini namwaga ya ng'ombe," alisema kwa meno yaliyobanana. "Yangu sijawahi kuiona, na wala sitaki. Mama Shija, niambie ikiisha. Mbona wewe kijana unachoma kama unatafuta kisima?"

Mfuko ulipotundikwa juu ya kitanda cha Shija, Generoza alisimama karibu na daktari.

"Na chuma?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kinaingia pia."

"Kwa hiyo mnamwokoa na mnamharibu."

Daktari Nathanael alirekebisha kile kigurudumu kidogo cha mpira mpaka matone yakawa yanafuatana sawasawa. "Ndiyo, mama," alisema. "Leo tunamwokoa."

Kufikia alasiri Shija alikuwa amefungua macho. Aliufuata mrija kwa macho kutoka mkononi hadi juu.

"Hii ya nani?"

"Ya Mashimba."

Mtoto alifikiri kidogo. "Basi nikianza kutukana watu msinishangae."

Generoza alicheka. Kicheko kilipofika katikati kiligeuka, ikabidi ageukie ukutani ajifanye anatafuta kitu mkobani. Alikuwa na la kuuliza, na hakuna wa kumuuliza: itakuwa lini tena, na siku hiyo atakuwepo nani mwenye damu, na ile barua ya Mwanza itajibiwa kabla au baada. Kulwa na Doto walikuwa na macho ya njano kama haya ya Shija. Aliwapa mchuzi kwa kijiko, akaamini.

Saa ya kuona wagonjwa ilifika. Wodi ilijaa kanga na harufu za vyakula. Kitanda cha kwanza walifungua wali na maharage, cha pili uji, cha tatu sato mzima kutoka Lamadi aliyefungwa kwenye gazeti. Mama mmoja mwenye mtoto aliyevunjika mguu alimtambua Generoza, akasogea na kuangalia chini ya kitanda.

"Mayu, leo umetuletea nini? Mtoto wako ana bahati, mama yake ndiye mwenyewe wa maini."

"Sijaleta kitu," Generoza alisema.

Yule mama alidhani hakusikia vizuri, akarudi kwa mwanawe.

Generoza alikaa ukingoni mwa kitanda. "Unataka kula nini?" alimuuliza Shija. Hakukumbuka kama aliwahi kumuuliza.

Shija naye hakukumbuka, kwa sababu alimtazama kwa mashaka. "Naweza kusema chochote?"

"Chochote."

"Chipsi. Na kachumbari. Na pilipili pembeni."

Alitoka nje ya geti. Kijana wa chipsi alikuwa na watu wengi, naye akasimama nyuma yao, yeye ambaye watu walimsubiri kwa foleni tangu asubuhi. Mafuta yalikuwa yanachemka, viazi vinageuka rangi. Alijua kwamba havitaongeza kitu ndani ya mtoto, wala havitapunguza. Jua lilikuwa linampiga mgongoni na foleni ilikwenda polepole, na kila mara alipogeuka aliliona dirisha la wodi, la tatu kutoka mwisho, lililofunguliwa nusu.

"Mama, wewe?" kijana aliuliza zamu yake ilipofika.

"Sahani moja," Generoza alisema. "Vikaange viive vizuri. Ni vya mtoto."